Kikohozi cha Getini

Kwa zaidi ya mwaka mzima sikuingia nyumbani kwangu bila kukohoa. Kifua changu kilikuwa kizima kabisa. Nilichokuwa nacho ni mama mkwe.

Alishuka kutoka milimani, upande wa Kinole, baada ya kuteleza kwenye shamba lake la migomba na kuvunjika nyonga. Mke wangu ni muuguzi, tena ni kitinda mimba wake. Alimfuata huko juu, akamfikisha hospitali, na alipotoka hospitali akamleta kwetu Bigwa, huku chini. Hakuniuliza, na alifanya vizuri kutoniuliza, maana ningekubali kisha ningejisifia ukarimu wangu mwaka mzima. Watoto wetu wameshaondoka, wana maisha yao, kwa hiyo vyumba vilikuwepo. Tukampa kile chenye dirisha linalotazama mlima. Tukamtafutia godoro gumu kama daktari alivyotaka, na kiti cha kuogea. Tulifikiria kila kitu, tukasahau kwamba nyumba hiyo hiyo ina mkwe ndani yake.

Kwa watu wa umri wake kule juu, mama mkwe na mume wa binti yake hawakutani hovyo. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni. Hiyo ni heshima, tena heshima ya juu kabisa. Wakikutana njiani mmoja anaacha njia. Vijana wa siku hizi wanapiga picha na wakwe zao na kuzituma kwenye magrupu ya familia, lakini mama mkwe wangu hakulelewa hivyo na hakuwa na mpango wa kubadilika kwa sababu ya nyonga.

Mimi nilikulia kwenye kambi ya mashamba ya miwa, baba mtu wa Kigoma, mama mtu wa Iringa, majirani kutoka kila pembe ya nchi. Kule kila mtoto alikula popote njaa ilipomkuta, na desturi pekee tuliyoshirikiana wote ilikuwa king'ora cha kiwanda. Kwa hiyo nilipooa sikuwa na mila ya kushindana na ya wakwe zangu. Niliichukua ya kwao kama koti la kuazima, nikaivaa kwa uangalifu kupita wenyewe, nikihofia kuichafua.

Ndipo kikaja kikohozi. Nikifika getini nakohoa. Ndani nasikia fimbo inagonga vigae, ko, ko, ko, kutoka sebuleni kuelekea chumbani, kisha mlango unafungwa taratibu. Hapo ndipo naingia. "Shikamoo mama," nauambia mlango. "Marahaba baba, pole na kazi," mlango unanijibu. Mazungumzo yetu ya siku yalikuwa yameisha.

Nyonga iliyovunjika haitaki kukurupushwa, na kila nilipoisikia ile fimbo ikiharakisha roho iliniuma. Nikaamua kumwachia sebule. Nikawa nabaki shuleni hadi magharibi nikisahihisha madaftari, mimi ambaye zamani kengele ya mwisho ilinikuta tayari nimeshika begi. Walimu wenzangu wakadhani nautaka ukuu wa shule. Mke wangu aliporudi zamu ya mchana alikuta runinga inajisemea peke yake, viti vimepangwa, hakuna mtu. Yeye ndiye aliyebeba maneno yetu huku na kule. Mama anauliza kama chumvi imezidi. Mwambie haijazidi. Anauliza kama umeme utakatika kesho. Mwambie Mungu ndiye ajuaye.

Siku moja, baada ya daktari kusema mfupa umeunga vizuri, nilikuwa nakunywa chai jikoni nikawasikia wakiongea chumbani. Wakiongea Kiluguru hujisahau kwamba nimeoa humo siku nyingi na kwamba ukimya wangu si uziwi. Mama alikuwa anasema Idi ikipita anarudi kwake. Mke wangu alimuuliza atakaa na nani. Kaka za mke wangu wako mbali na dada yake mkubwa ameshatangulia mbele ya haki. Mke wangu akasema basi ataomba uhamisho, kwenye zahanati ya kule juu hakosi nafasi, na yeye ndiye binti aliyebaki, ardhi ya ukoo inamsubiri.

Chai ilinipalia. Safari hiyo nilikohoa kweli.

Sikuwa na neno la kumlaumu. Kwao ardhi hupita kwa akina mama, na zamani mume ndiye aliyehamia kwa mke, kwa hiyo kama tungefuata haki ya jadi, ningekuwa nimeshapandishwa mlimani na kufundishwa kulima miteremko siku nyingi. Lakini nilibakiza miaka michache kustaafu, na madarasa yangu yalikuwa huku chini. Nikajiona nimebaki na nyumba ya vigae na sebule ambayo hakuna wa kumwachia.

Usiku ule nilimwambia mke wangu, "Mwambie mama asiondoke."

"Mwambie mwenyewe," akasema. "Nimekuwa posta ya nyumba hii vya kutosha. Chumvi nitabeba, umeme nitabeba. Hilo ni lako."

"Nitamwambiaje na hatukutani?"

"Wewe ndiye msomi."

Mwanamke akikuita msomi kwa sauti ile, ujue mjadala umefungwa.

Ugonjwa wangu ni makumbusho. Mwalimu wa historia ana haki ya kuumwa ugonjwa huo, ila mimi nimezidi. Wenzangu wakipata likizo wanalala. Mimi natafuta boma la Kijerumani lenye ufa nikautazame huo ufa. Nimempeleka mke wangu Bagamoyo, nimempeleka Kaole kwenye magofu, na bado ananisimanga mbele ya wageni: "Wenzangu wanapelekwa ufukweni, mimi napelekwa makaburini." Mimi nikifiwa naenda makumbusho, nikifurahi naenda makumbusho. Kwa hiyo, nilipoishiwa akili, nilitangaza kwamba kabla mama hajapanda mlima tungemtembeza Dar es Salaam, kwenye yale makumbusho ya nyumba za asili, ambako wamejenga nyumba za makabila mbalimbali kwenye uwanja mmoja wenye miti. Mke wangu alinitazama kwa muda. Mama, kupitia posta, akasema hajawahi kupanda treni ya umeme, angependa kuipanda.

Nikakata tiketi kwenye simu, nikajisifu kwa kupata viti vizuri. Pale stesheni mke wangu akazisoma tiketi, akaniangalia kama anavyomwangalia mgonjwa aliyekunywa dawa ya kupaka. Nilikuwa nimejipangia kiti kimoja na mama mkwe, bega kwa bega hadi Dar, na mke wangu nyuma yetu. Tukabadilishana haraka kabla mama hajafika na fimbo yake. Nikasafiri nikitazama mgongo wa kiti chake na upindo wa mtandio wake wa kijani. Treni ilipochanganya, milima ikaanza kurudi nyuma dirishani, buluu, mirefu, mawingu yameikalia kichwani. Nikasikia akimwambia binti yake, "Kumbe ukiwa mbali ndiyo unauona mlima wote." Nilitaka sana kumjibu. Nikakitazama kiti.

Tulipofika, nilitangulia nje kutafuta bajaji mbili, moja yao na moja yangu. Kumbe huku nyuma kamba ya kandambili ya mama ilikatika kwenye ngazi, mke wangu akavua za kwake, zile nyekundu za ngozi nilizomnunulia, akampa, yeye akavaa za plastiki alizonunua kwa mmachinga. Haya niliyajua baadaye. Ningeyajua mapema nisingekuwa na cha kusimulia.

Kwenye makumbusho mimi husoma kila kibao, hadi kile kinachokataza kutupa taka. Mke wangu anajua, kwa hiyo huniacha. Nilizunguka nyumba baada ya nyumba, nikipima paa na kuchungulia maghala, hadi nilipohisi kiu na kukumbuka kwamba nina familia. Mbele ya nyumba moja ya msonge, ya mduara, iliyokandikwa udongo mwekundu, nikaziona kandambili nyekundu zimevuliwa mlangoni na kupangwa vizuri. Watu wengine wote waliingia mle na viatu vyao. Nikatabasamu, nikasema moyoni, ndiye huyu mke wangu, ameingia kupumzika na amemwacha mama kwenye benchi mahali fulani.

Sikuingia. Nilizunguka upande wa kivuli, nikakaa chini ya paa, nikaegemeza mgongo ukutani. Udongo ulikuwa wa baridi. Ukuta wenyewe ulikuwa na kidirisha kidogo cha kupitishia moshi, juu ya kichwa changu. Nikaanza kusema.

"Mke wangu, mimi nimechoka. Nimechoka kukohoa kwenye geti langu mwenyewe kama mwizi mstaarabu. Nimechoka kusahihisha madaftari ambayo nimeshayasahihisha. Mtu mzima nakaa shuleni na popo."

Ndani kimya. Nilijua anasikiliza, mke wangu hunyamaza hivyo anaposikiliza. Nikaendelea.

"Lakini asubuhi naamka nasikia ile fimbo yake inaelekea uani, anaongea na kuku wa jirani, nasema alhamdulillahi, nyumba ina mtu mkubwa. Mama yangu nilimzika nikiwa chuo. Sikusikia mtu akiniambia pole na kazi kwa miaka mingi hadi alipokuja yeye. Sasa anaondoka, na wewe unamfuata, sawa, ni haki yenu. Ila niambie kitu kimoja. Akiondoka, mimi nitamkoholea nani?"

Kisha sauti, si ya mke wangu, ikatoka kwenye kile kidirisha.

"Mkwe."

Nilianza kuinuka. Nilitaka ardhi ya makumbusho inimeze, wanitengenezee kibao.

"Kaa hapo hapo," akasema. "Usikimbie. Ukuta upo."

"Mama, nisamehe, nilidhani..."

"Nimejua ulivyodhani. Ukuta upo, baba. Kaa."

Nikakaa. Nilisikia fimbo yake inalazwa chini, na yeye akijisogeza, hadi nikahisi kwamba naye ameegemea upande wa pili, mgongo wake na wangu vimetenganishwa na udongo wa upana wa kiganja.

"Mimi nilijua umenikimbia," akasema. "Kila jioni huonekani. Nikamwuliza binti yangu, huyu mume wako alikuwa anachelewa hivi kabla sijaja? Akanyamaza. Nikasema, basi nimemfukuza mwenye nyumba kwake. Mgeni wa namna hiyo anasubiri nini?"

"Nilikuwa nakuachia sebule, mama."

"Sebule?" Akacheka, kicheko kikavu kilichoishia kwenye kikohozi. "Na mimi si nilikuwa nakuachia wewe! Ukichelewa ndiyo kabisa sitoki, nasema labda atatokea sasa hivi, asinikute."

Tukacheka wote wawili, kila mtu akitazama upande wake. Nikaiwaza ile runinga ilivyojisemea mwaka mzima.

Kisha akaniambia jambo ambalo mke wangu mwenyewe hakuwahi kulisikia, kwa kuwa hakuwa amezaliwa. Jikoni kwa mama yake, kule juu, kulikuwa na ukuta kama huu. Jioni mama yake alikuwa ndani anapika, na mkwe wake, yaani baba mkwe wangu, alikaa nje chini ya paa anachonga mipini ya majembe. Waliongea. Mvua, kahawa, nani ameoa, nani ameshindwa. Miaka yote hiyo hawakutazamana usoni hata siku moja. "Mama alipofariki," akasema, "mume wangu alilia kuliko mimi niliyezaliwa. Alikuwa amempoteza mtu wake wa kuongea naye."

Akaupapasa ukuta kwa kiganja.

"Nyumba yenu nzuri, baba. Vigae, maji ndani. Ila ina milango tu. Mlango ukifungwa umefungwa. Haina ukuta wa kuongelea."

Mlinzi wa pale akanikuta katika hali hiyo, mwalimu mwenye mvi, machozi yananitoka, nimeegemea mali ya taifa. "Mzee, samahani," akasema kwa upole, "huo ukuta huwa hatuegemei." Nyuma yake akatokea mke wangu na chupa za maji, miguuni ana plastiki za rangi ya machungwa. Akaniangalia, akauangalia ukuta, akaziangalia kandambili zake mlangoni. Akaelewa yote kwa mara moja, akaenda kukaa mbali, akanywa maji yake yote na ya kwangu.

Wiki iliyofuata nikaanza kujenga jiko uani. Mafundi wapo, lakini nilitaka mikono yangu iingie. Nilisimika nguzo, nikafunga fito, nikakanyaga udongo mwekundu hadi magotini, suruali ya kazini ikaharibika. Majirani wakaja kucheka. Mmoja, ambaye watu wa kwao na wakwe zangu ni watani, alisimama kwenye uzio akatangaza kwamba Waluguru sasa wamemaliza kazi: wamemchukua mtoto wa watu na kumfanya ajenge kibanda cha udongo mbele ya nyumba ya vigae. Mama mkwe alimjibu kutoka dirishani kwamba wao, watu wa kwao, wangemchukua wasingempa hata kibanda. Sikujua kwamba ana ulimi mkali namna ile. Nilikuwa nimeishi mwaka mzima na mcheshi aliyefungiwa chumbani.

Ukuta wa kwanza ulipasuka. Nikaukandika tena, na ukakaa ukiwa umeinama kidogo kuelekea kwa jirani. Bati juu, kidirisha cha moshi pembeni, na kwa nje nikaweka benchi. Jioni ya kwanza aliingia, akawasha moto wa kuni kwenye jiko la bati tulilomwekea, na mimi nikakaa nje na madaftari yangu. Kisha akaniuliza kama kweli Wajerumani walipita milima yetu, au ni stori za walimu. Nilifundisha vizuri siku ile kuliko nilivyofundisha darasani kwa mwaka mzima. Harufu ya mdalasini ilitoka kwenye kidirisha, mahindi yalikuwa yanachemka, na mke wangu alipotoka kazini alisimama getini, hakuingia mara moja.

Lakini begi la safari la mama lilikuwa bado limeegemea kabati. Mke wangu aliniambia hivyo, bila kuulizwa, kila alipotoka kumsaidia kuvaa. Idi ikapita. Begi liko pale pale. Hakuna aliyethubutu kumwuliza mama. Mimi kwa sababu zangu, mke wangu kwa kuhofia jibu. Nilikuwa nafundisha Wajerumani, nafundisha misafara ya pembe, nafundisha kila kitu nilichokuwa nacho, nikihofia kwamba masomo yakiisha mwanafunzi wangu atapanda mlima.

Jioni moja akalalamika juu ya jiko la bati. Linayumba, akasema. Sufuria haitulii. Nikasema nitamtafutia jingine sokoni.

"Sokoni hakuna ninachotaka," akasema. "Jumamosi huna kazi?"

"Sina, mama."

"Nenda na mkeo kwangu. Fungua jikoni. Uniletee mafiga yangu."

Nikashika kalamu nyekundu, sikuandika kitu. Mafiga yake ni mawe matatu meusi ambayo, kwa jinsi ninavyomjua, alipewa na mama yake. Nimewahi kuona watu wakishuka kutoka milimani na ndizi, na viungo, na kuku, na wagonjwa. Sijaona mtu akishusha mafiga kwa ajili ya ziara.

"Na lile begi, mama?" nikauuliza ukuta.

"Begi lina nguo za baridi. Huku kuna joto. Mwambie binti yangu alipandishe juu ya kabati, linanizuia kupita."

Jumamosi tulipanda. Nyumba yake ilikuwa imejaa majani ya migomba mlangoni na buibui kwenye kufuli. Mke wangu aliingia jikoni akakaa kwa muda mahali palipokuwa na majivu, nami nikakaa nje ukutani, nikamwachia. Hatukusema habari ya uhamisho. Tukayatoa mawe, tukayafunga kwenye viroba. Yeye alibeba dogo, dereva wa bodaboda aliyekuwa akitusubiri chini akapanda kuchukua jingine, na mimi, kwa kiburi, nikachukua kubwa. Njiani wanawake waliokuwa wakirudi kutoka mtoni waliniuliza nimebeba nini. Nikawaambia mafiga ya mama mkwe. Wakanipisha njia, wakicheka, na mmoja akapiga kigelegele.

Tulifika Bigwa jua linaelekea kuzama. Kutoka barabarani hadi getini nilisisitiza kulibeba mwenyewe. Nilisimama pale, jiwe kifuani, jasho machoni, nikavuta pumzi ili nikohoe kama kawaida yangu. Pumzi haikutosha. Nilijaribu tena, ikatoka hewa tu.

"Pita, mkwe," ikasema sauti kutoka jikoni. "Nimeshasikia unavyohema."

Sikusikia fimbo ikiharakisha. Sikusikia mlango ukifungwa. Nikapita.